Nyama Laini kwa Meno Matatu

Cherehani ya Fundi ilianza kulia asubuhi na mapema, jua likiwa bado halina nguvu. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Humo mlikuwa na meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mumewe alimwita Fundi. Akimwita kwa jina lake halisi, Fundi alijua kuna jambo analoomba.

Karibu na dirisha alikaa baba mkwe wake. Zamani mzee huyu alikuwa dereva wa treni. Sasa alichambua vifungo. Vyeupe huku, vyeusi kule, vyenye matundu mawili kopo hili, vyenye matundu manne kopo lile. Na ole wako uguse makopo yake!

"Fundi, hiki cha nani?" aliuliza siku moja, akiinua kifungo juu kwenye mwanga.

"Cha koti la mwalimu, baba."

"Mwalimu mzima anatembea koti wazi? Kishone upesi, mama, asije akapata kifua."

Siku zao zilikwenda hivyo. Walifanya kazi, walitaniana, wakanywa chai. Baba yake Fundi alifariki Fundi akiwa bado anabebwa mgongoni. Basi huyu wa mumewe alimpenda kama wake, na hakuona haya kulisema mbele ya watu.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa nyama ya Jumapili.

Mzee alipenda nyama ya ng'ombe, lile pande kubwa linalopikwa zima halafu likakatwa mezani. Ukimpa uji, anageuza uso. Ukimpa supu iliyochujwa, anauliza nani mgonjwa. Anataka nyama, na mdomoni ana meno matatu.

Na Fundi, jamani, tuseme ukweli, nyama ilikuwa inamshinda. Alishona gauni la harusi likamkaa bibi harusi mpaka watu wakapiga vigelegele. Lakini nyama yake ungeweza kuifanya soli ya kiatu.

Jumapili hiyo alikuja wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wifi huyu alikuwa mlezi wa bweni la wasichana. Kazini alizoea kupiga kengele na watu wote wakasimama. Nyumbani kwa kaka yake alisahau kuwa hakuna kengele.

Walikaa mezani. Mume alitafuna mpaka masikio yakacheza. Wifi alitoa kipande mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani, taratibu, ili kila mtu aone. Mzee naye akatia kipande mdomoni. Alitafuna kidogo, akachoka, akameza kipande kizima.

Kikakwama.

Mzee alishika koo. Macho yalimtoka. Hakuweza kukohoa wala kusema. Mume aliruka, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja, katikati ya mabega, kwa nguvu, mara kadhaa. Kipande kikaruka kikaangukia mezani. Mzee akavuta pumzi, akalia machozi bila kutaka.

Mume akampa maji. Kisha wifi akasimama.

"Basi, yametosha. Jumapili ijayo nakuja na taksi. Baba anahamia kwangu. Kwangu atapewa uji asubuhi, supu mchana na uji jioni."

"Mimi si mtoto mchanga," mzee alisema. Sauti ilikuwa bado inakwaruza.

"Baba, umeponea chupuchupu! Tutangoja mpaka tukuzike?"

Fundi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sahani. Alikuwa mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mikono kama koleo. Lakini mbele ya dada yake alinywea.

"Haondoki," alisema Fundi.

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

"Wewe? Wewe uliyetaka kumuua sasa hivi?"

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Alitamani kulia, lakini akajikaza. Alisimama naye, akashika kiuno.

"Wifi, njoo na taksi yako. Jumapili ijayo nitapika nyama ya ng'ombe, pande zima, kama la leo. Baba akishindwa kuitafuna, begi lake nitalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Akiitafuna, taksi inarudi bila yeye."

"Utaona," wifi alisema, akachukua mkoba wake.

"Na wewe utaona."

Mume alipopata sauti, mgeni alikuwa keshaondoka. "Kwa nini usipike mayai tu?" aliuliza. Fundi alimtolea jicho, na mume akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

Kesho yake Fundi alifunika kiporo cha nyama kwenye sahani, akaenda nayo buchani kwa hasira, yuko tayari kwa ugomvi. Bucha lilikuwa mwisho wa mtaa. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene mwenye cheko la nguvu. Aliitwa Bi Shoka, kwa sababu alipasua mfupa kwa pigo moja.

"Bi Shoka! Umeniuzia nyama gani? Jana baba mkwe nusura afe!"

Wateja wakageuka. Bi Shoka aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Pole ya mzee kwanza. Yuko salama?"

"Yuko salama. Lakini nyama yako—"

"Ngoja. Nyama yangu usiitukane kabla sijaiona. Lete hapa."

Alifunua sahani. Alitazama, akabonyeza kwa kidole, akavuta kipande kimoja. Kilivutika kama kamba. Bi Shoka akatikisa kichwa.

"Nani amekata hii?"

"Mimi."

"Umekata vizuri sana. Mstari umenyooka kabisa. Umefuata uzi?"

"Ndiyo! Kukata kote hufuata uzi. Kitambaa ukikikata kombo, nguo inavutika, inaharibika."

Bi Shoka alicheka mpaka aproni ikatikisika. "Ala! Kumbe hapa tunashona koti! Fundi, njoo ndani, upande huu wa meza."

Alichukua pande la nyama mbichi, akaligeuza kwenye mwanga. "Tazama kwa makini. Unaona mistari hii? Yote inalala upande mmoja. Hizi ni nyuzi za nyama. Sasa niambie, ukifuata uzi, kipande kinakuwa na nyuzi ndefu au fupi?"

"Ndefu."

"Na nani atazikata hizo nyuzi ndefu?"

Fundi akaitazama ile nyama.

"Meno," alijibu Bi Shoka mwenyewe. "Mzee ana meno mangapi?"

"Matatu. Na hayakutani."

"Maskini weee! Unampa meno matatu kazi ya mkasi! Kata kwa kupitisha kisu juu ya nyuzi, hivi, kuzikatisha. Kila kipande kinabaki na nyuzi fupi fupi. Zikifika mdomoni zinaachana zenyewe."

Fundi alitazama mistari ile, akahisi uso unapata joto. Miaka yote hiyo alikuwa anakata nyama ya watu kama suruali! Lakini bado hakutaka kushindwa.

"Sawa, kukata ni kosa langu. Ila ilikuwa ngumu hata kabla ya kukatwa. Na niliwasha moto mkali, ulikuwa unawaka hasa."

"Ndiyo kosa la pili. Na la tatu ni hili: kila ukija hapa unaniambia nini? 'Bi Shoka, nipe ile nyekundu tupu, nitolee mafuta, nitolee ule weupe.' Si ndiyo?"

Ni kweli. Fundi alichagua nyama kama anavyochagua kitambaa. Alitaka rangi moja, bila doa.

"Hiyo nyekundu tupu ya pajani ni kavu," Bi Shoka aliendelea. "Haina kitu cha kuilainisha. Kwa pande la kupika polepole, chukua bega. Bega la ng'ombe linafanya kazi siku nzima, kwa hiyo ni gumu. Lakini tazama, lina mafuta ndani na utando mweupe. Utando huu ukipata moto mdogo kwa muda mrefu, unayeyuka, unakuwa ute mtamu, na nyama inalainika. Ukipata moto mkali, nyuzi zinakaza na kukamua maji yote. Hebu niambie, hariri ukiipigia pasi ya moto mkali inakuwaje?"

"Inajikunja."

"Basi, hapo umeelewa. Kidari pia kinafaa. Lakini sarara usiitese kwa saa nyingi, ile ni laini tangu mwanzo, inataka muda mfupi."

Wateja walikuwa wameanza kunung'unika. "Subirini!" Bi Shoka aliwafokea. "Kuna mzee anataka kunyang'anywa nyumba yake hapa!" Kumbe mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Wateja wakasogea kusikiliza.

Bi Shoka akamweleza Fundi yote, hatua kwa hatua. Fundi hakuandika chochote. Alirudia kila neno kwa sauti, kama anavyorudia vipimo vya mteja, na alipokosea Bi Shoka alimrudisha nyuma. Siku ya Jumamosi alikuja kuchukua pande la bega, nono, lenye mistari ya mafuta.

"Usimwogope wifi," Bi Shoka alimwambia akilifunga.

"Simwogopi. Naogopa kumkosa baba."

Jioni hiyo Fundi aliosha mikono kwa sabuni. Aliifuta nyama kwa kitambaa safi cha pamba mpaka ikakauka, kwa sababu nyama yenye maji haikaangiki, inatokota. Akaipaka chumvi na pilipili manga kila upande, akaifunika na kuiweka kwenye friji, rafu ya chini, isidondokee vyakula vingine. Kama huna friji, Bi Shoka alisema, tia chumvi asubuhi ileile ya kupika.

Asubuhi ya Jumapili alipasha mafuta kwenye sufuria nzito. Nyama ikaingia, ikalia kwa kishindo. Hakuigusa mpaka upande wa chini ukawa wa kahawia, ndipo akaigeuza. Akafanya hivyo pande zote. Harufu ikapenya chumba cha mbele, na mzee akaacha vifungo. Kisha Fundi akatia vitunguu, karoti na vitunguu saumu, na maji ya moto kidogo, yasifike hata nusu ya nyama. Akafunika kwa kifuniko cha kubana, akapunguza moto hadi ukawa mdogo kabisa.

"Isikilize sufuria," Bi Shoka alikuwa amemwambia. "Ikinguruma, punguza moto. Ikinong'ona, iache."

Ilikuwa inanong'ona wifi alipoingia. Taksi ilimshusha, akamwambia dereva arudi baada ya chakula. Mkononi alikuwa na begi jipya, kubwa, tupu. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mzee, akaanza kupanga. Shati moja, mawili, sweta, kandambili. Mzee alisimama mlangoni, makopo yake mawili yamekumbatiwa kifuani.

"Hivyo vifungo ni vya nini, baba? Viache. Kwangu hutafanya kazi, utapumzika."

"Nikipumzika nitafanya nini?"

"Utapumzika tu."

Mzee aligeuka. Alirudi dirishani, akakaa. Fundi alimwona akichanganya vifungo vyeupe na vyeusi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Moyo ulimuuma sana.

Wifi akaja jikoni. Alitazama moto, akashangaa.

"Huu ndio moto? Nyama haitaiva huu mwaka."

Fundi alifunua kidogo, akachoma kwa uma. Uma uligoma. Nyama ilikuwa imekaza, ngumu kuliko ilipoingia! Wifi aliona, akatabasamu. Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya jiko la gesi. Ongeza moto, kichwa kilimwambia, ongeza, muda unakwisha, utabeba begi la baba mpaka kwenye taksi.

Kisha akakumbuka sauti ya Bi Shoka. Katikati ya kupikwa nyama hukaza kwanza, halafu ndipo hulegea. Wengi huharibu hapo, kwa kukosa subira.

Akaondoa mkono. Akafunika.

"Ongeza moto," alisema wifi.

"Siongezi."

"Basi nipishe niongeze mimi." Wifi akanyoosha mkono kwenye jiko.

Fundi alisimama katikati, mgongo kwa jiko, uso kwa wifi. "Wifi, bwenini kwako nikija nitafuata kengele yako. Hili ni jiko langu. Hakuna atakayeugusa moto huu, na hakuna atakayefunua sufuria hii."

"Unanijibu mimi?"

"Dada," alisema mume. Alikuwa mlangoni, ameshika viazi alivyokuwa anamenya. Sauti ilimtetemeka kidogo, lakini alisema. "Dada, mwache apike. Njoo ukae."

Wifi alimtazama kaka yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akaenda kukaa.

Muda ukapita. Pande la kilo mbili huchukua kama saa tatu, wakati mwingine zaidi. Fundi alitia viazi pembeni mwa nyama, akasubiri, akasikiliza. Alipochoma tena, uma uliingia na kutoka bila kung'ang'ania. Akajizuia asipige kelele za furaha. Akaitoa nyama, akaiweka kwenye ubao uliooshwa vizuri, si ule uliobeba nyama mbichi, akaifunika.

Nje, honi ya taksi ikalia.

"Kata basi!" wifi alisema. "Dereva amefika."

"Bado. Inapumzika. Nikikata sasa, maji yake yote yatamwagikia ubaoni na nyama itakauka."

"Inapoa hiyo!"

"Imefunikwa. Keti, wifi."

Honi ikalia tena. Mume alikwenda kumwambia dereva asubiri kidogo. Fundi alinoa kisu. Alipofunua, aliinama mpaka pua ikakaribia nyama, akatafuta mistari inakolala. Aliiona. Akageuza ubao, akapitisha kisu kuzikatisha nyuzi. Vipande vikaanguka vyembamba, laini, vinang'aa.

Alimkatia mzee vidogo zaidi, akammiminia mchuzi wa vitunguu. "Kaa wima, baba. Tafuna polepole, na usiongee kabla hujameza."

"Na wewe unaniamrisha?" mzee alisema. Lakini alikaa wima.

Akatia kipande mdomoni. Watu watatu wakakodoa macho. Taya zikaenda huku, zikarudi kule. Mume aliacha kupumua. Wifi alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, mkono tayari kumpiga baba yake mgongoni. Mzee akameza. Akatazama ukuta.

Kisha akasukuma sahani mbele.

"Ongeza."

Fundi aliongeza. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Mzee akala tena, na tena, kwa meno yake matatu, bila kukwama hata mara moja. Wifi naye akachukua kipande. Akatafuna. Akatafuta neno.

"Chumvi imepungua kidogo," alisema.

"Mbona unaongeza?" aliuliza mzee, maana wifi alikuwa keshachukua cha pili.

Mume aliangua kicheko. Wifi alijaribu kukunja uso, ukamshinda, naye akacheka. Halafu kicheko kikageuka kilio, akafunika macho.

"Niliogopa, baba. Ile siku nilikuona midomo imebadilika rangi."

"Hata mimi niliogopa, wifi," alisema Fundi. "Mpaka leo naogopa."

Mzee alifuta mdomo. Akainuka, akaenda kwenye lile begi lililosimama karibu na mlango. Akafungua zipu. Akatoa shati moja, mawili, sweta, kandambili.

"Miaka mingi niliendesha treni," alisema. "Nilibeba watu na nilibeba mizigo. Mzigo hauulizwi unakwenda wapi. Abiria anaulizwa. Wewe, mwanangu, hukuniuliza."

Wifi aliinamisha kichwa. "Unataka kwenda wapi, baba?"

"Sitaki kwenda popote. Nina vifungo vya kuchambua, tena nimevivuruga vyote kwa sababu yako."

Honi ililia kwa mara nyingine, safari hii kwa hasira. Wifi alisimama, akashika kisu kilichokuwa ubaoni, akakitazama, akamtazama Fundi.

"Unakataje hii, wifi?"

Fundi angeweza kumcheka. Alikuwa na haki hiyo, na kwa kitambo kidogo alitamani kuitumia. Lakini alimsogezea ubao. "Kwanza tafuta nyuzi. Unaziona? Usizifuate. Zikatishe."

Wifi alikata kipande cha kwanza kinene, cha pili chembamba, cha tatu safi kabisa. Nyama iliyobaki wakaitia kwenye bakuli lenye kifuniko. Fundi alimwonya aiweke kwenye friji akifika tu, na kesho aipashe moto mpaka itoe mvuke. Bakuli likaingia kwenye begi jipya, likakaa humo peke yake.

Mume alimsindikiza dada yake mpaka kwenye gari. Dereva alitazama nyuma, akatazama begi, akatazama mlangoni.

"Uliniambia kuna mzee. Abiria wangu yuko wapi?"

Kabla wifi hajafungua mdomo, dirisha la chumba cha mbele lilifunguka, na kichwa chenye meno matatu kikatokeza.

"Abiria ameshafika!" mzee alipiga kelele. "Nenda zako!"

Akafunga dirisha, akamimina vifungo vyote mezani, na kuanza kuvitenga upya.